Urafiki uliowapa sauti wasio na cheo Kanisani

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Gogo zito halisogei kwa kutazamwa wala kwa kulaumiwa. Hutafutiwa ufito imara, ukatiwa chini yake, nalo likaanza kubingirika. Kauli hiyo yafaa mno tunapoitazama historia ya Kanisa Katoliki barani Ulaya katika karne za 16 na 17. Katika zama hizo mlango wa madaraka ya dini ulikuwa umefungwa mbele ya wanawake, nao baadhi yao wakapata nyenzo ya kuusukuma. Nyenzo hiyo haikuwa mali wala upanga. Ilikuwa urafiki.

Sikusudii urafiki wa kupiga soga na kusindikizana njiani. Nakusudia uhusiano wa aina mahususi baina ya mtawa au mjane kwa upande mmoja, na padre, askofu ama hata mfalme kwa upande wa pili. Uhusiano uliojengwa juu ya sala, maungamo, mashauri na barua nyingi. Wanazuoni huuita urafiki wa kiroho. Fikra yenyewe ni kongwe. Katika karne ya 12, Aelred, abate wa Rievaulx huko Uingereza, alikwisha andika kitabu kizima juu yake. Lakini ni baada ya Matengenezo ya Kanisa ndipo urafiki huu ulipogeuka kuwa njia ya mtu asiye na cheo kusikilizwa na wenye vyeo.

Mwalimu wa historia afundishapo kipindi hiki huwataja Martin Luther, John Calvin, Papa na Mtaguso wa Trento. Hao wastahili kutajwa. Hata hivyo, mwanafunzi akiishia hapo atadhani kwamba mamlaka ya dini yalitoka juu tu, yakiteremka kutoka Roma hadi kwa muumini wa mwisho. Barua za wakati huo zasimulia hadithi nyingine.

Kwanza tuutazame ukuta wenyewe. Upadre ulikuwa wa wanaume. Vyuo vikuu vilivyofundisha teolojia vilikuwa vya wanaume. Maneno ya Mtume Paulo kuhusu wanawake kunyamaza katika kusanyiko yalitumiwa kuwanyima ruhusa ya kufundisha. Mnamo Desemba 1563, Mtaguso wa Trento, katika kikao chake cha mwisho, uliagiza upya kwamba watawa wa kike wakae ndani ya kuta za nyumba zao, wasitoke bila idhini halali ya askofu.

Nchini Uhispania hali ilikuwa kali zaidi. Mwaka 1525 Inkwizisheni, yaani mahakama ya Kanisa iliyowasaka wazushi, ilitoa amri mjini Toledo dhidi ya watu walioitwa alumbrados, waliodai kuangaziwa na Mungu moja kwa moja. Mwaka 1546 ilimhukumu Magdalena de la Cruz, mkuu wa nyumba ya watawa wa Córdoba, aliyekuwa amesifiwa kwa miaka mingi kuwa mtakatifu, kumbe, kwa maungamo yake mwenyewe, alikuwa na maagano na shetani. Kuanzia hapo kila mwanamke aliyesema ameona njozi alitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1559 Fernando de Valdés, mkuu wa Inkwizisheni, alitoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, vikiwemo vitabu vingi vya sala vilivyoandikwa kwa Kihispania. Mwanamke asiyejua Kilatini alinyang'anywa hata kile kidogo alichoweza kujisomea.

Hapo ndipo anapoingia Teresa wa Ávila. Jina la Teresa si geni katika parokia na shule zetu, ingawa mara nyingi anayekumbukwa ni Teresa wa Lisieux, Mfaransa wa karne ya 19. Teresa huyu wa kwanza alizaliwa mwaka 1515. Babu yake, mfanyabiashara wa Toledo mwenye asili ya Kiyahudi, aliadhibiwa na Inkwizisheni mwaka 1485. Basi alikuwa mwanamke, hakusoma chuo, alitoka katika ukoo uliokwisha tiwa doa, na tena aliona njozi. Nani angemsikiliza?

Washauri wake wa mwanzo walimwambia kwamba njozi zake zatoka kwa Ibilisi. Teresa hakuwabishia kwa kelele. Alitafuta wengine. Aliwaendea Wajesuiti. Mwaka 1560 alikutana na Pedro de Alcántara, Mfransisko aliyeheshimiwa na wote kwa maisha yake ya toba, naye akamthibitishia kwamba njia yake ni njema, kisha akamtetea mbele ya askofu wa Ávila. Tarehe 24 Agosti 1562 Teresa alifungua nyumba ya Mtakatifu Yosefu, nyumba ya kwanza ya Wakarmeli waliorekebishwa. Mji ulipochachamaa ukitaka nyumba hiyo ivunjwe, aliyesimama hadharani kuitetea alikuwa Domingo Báñez, Mdominiko kijana na msomi.

Tazama, msomaji, jinsi mambo yalivyopangika. Pedro alimkopesha utakatifu wake, Báñez akamkopesha elimu yake, naye askofu akamkopesha muhuri wake. Katika kitabu cha maisha yake, Teresa anawahimiza wale wanaoanza safari ya sala watafute suhuba ya wenzao walio katika safari hiyo hiyo. Anataja pia kikundi cha watu watano waliopendana katika Kristo, yeye akiwa mmojawao, na kutamani wakutane kwa siri ili kuambiana ukweli na kurekebishana. Tusilipite jambo hili haraka. Mwanamke aliyekatazwa kuwafundisha wanaume alijiweka kati ya marafiki wanaorekebishana. Mwalimu hatakiwi arekebishwe na mwanamke, rafiki je? Rafiki asipomkanya rafikiye, urafiki wao ni wa nini?

Mwaka 1575, akiwa na umri wa miaka 60, Teresa alikutana katika mji wa Beas na padre Jerónimo Gracián, ambaye hakuwa ametimiza miaka 30. Aliweka nadhiri ya kumtii. Mtu akikomea hapo atasema: naam, mwanamke amejitia chini ya mwanamume kama ilivyokuwa desturi. Lakini asome barua. Humo Teresa anamshauri Gracián, anamwonya, anamwelekeza. Anatumia majina ya mafumbo ili barua ikinaswa njiani isieleweke: Gracián ni Eliseo au Pablo, Teresa mwenyewe ni Ángela, na maafisa wa Inkwizisheni, kwa kejeli ya upole, ni malaika. Utiifu ulikuwa wa kweli, lakini aliyetiiwa ndiye aliyekuwa akielekezwa na mzee wake.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba huu haukuwa urafiki bali ulinzi wa wanaume, na kwamba muungamishi alikuwa jicho la Kanisa ndani ya chumba cha mtawa. Hoja hiyo ina uzito. García de Toledo, Mdominiko na rafiki mpenzi wa Teresa, ndiye aliyekikagua kitabu chake kuhusu njia ya ukamilifu, na utetezi mkali wa wanawake uliokuwa katika nakala ya kwanza haumo katika nakala ya pili. Báñez naye, alipotakiwa mwaka 1575 kutoa maoni juu ya kitabu cha maisha ya Teresa kilichokuwa mikononi mwa Inkwizisheni, alieleza kwamba huenda mwanamke huyu akakosea lakini si mdanganyifu; kisha akashauri kitabu kisisambazwe kwa kila mtu. Rafiki aliyeshika ufunguo aliweza kufungua, na aliweza kufunga.

Hata hivyo, wanaopinga wanasahau upande wa pili wa mizani. Mapadre nao walikuwa na njaa. Walikuwa na shahada, mimbari na muhuri, lakini wengi walijua kwamba kusoma habari za Mungu si sawa na kuonja. Walipomwona mwanamke ambaye sala yake ilikuwa na uhai, walimwendea kama mwenye kiu aendeavyo kisima. Yeye alihitaji cheo chao, wao walihitaji uzoefu wake. Kupeana huko ndiko kulikozaa mamlaka ya aina mpya, ambayo hayakuwa ya cheo peke yake wala ya njozi peke yake.

Mfano ulio bora zaidi wa kupeana huku watoka Ufaransa na Savoie, nusu karne baadaye. Jeanne de Chantal, aliyezaliwa Dijon mwaka 1572, alifiwa na mumewe mwaka 1601 baada ya ajali ya kuwinda. Aliachwa na watoto wanne. Padre wa kwanza aliyemwongoza alimfunga kwa nadhiri nne: amtii yeye, asimwache, atunze siri ya anayoambiwa, na asizungumze mambo ya roho yake na mtu mwingine yeyote. Huo haukuwa uongozi, bali kifungo.

Katika Kwaresima ya mwaka 1604 Jeanne alimsikia François de Sales akihubiri mjini Dijon. François alikuwa askofu wa Geneva aliyelazimika kuishi Annecy, kwa kuwa Geneva ilikuwa imeshikwa na wafuasi wa Calvin. Mwaka huo huo alikubali kumwongoza, na akamtoa katika zile nadhiri nne. Mafunzo aliyompa yalikuwa kinyume cha yale ya awali: atii kwa upendo, asiogope, wala asiibane roho yake.

Mnamo 1609 François alichapisha kitabu chake maarufu cha kuwaongoza watu wa kawaida katika ibada, kilichotokana kwa sehemu kubwa na mashauri aliyomwandikia mwanamke mwingine, Louise de Charmoisy. Katika kitabu hicho anasema jambo la kushangaza. Anakiri kwamba katika nyumba za watawa urafiki wa watu wawili wawili hauhitajiki, maana wote wanaelekea shabaha moja. Lakini wanaoishi ulimwenguni, asema, wanauhitaji, kama vile wapitao njia yenye utelezi wahitajivyo kushikana mikono. Askofu aliyewaona wengine wakiuogopa urafiki aliutangaza kuwa sehemu ya safari ya wokovu.

Tarehe 6 Juni 1610 wawili hao walianzisha mjini Annecy shirika la Visitasio. Liliwapokea wajane, wanawake wenye afya dhaifu na wengine ambao nyumba zenye sheria kali zisingewapokea, na masista wake walitoka kwenda kuwatembelea wagonjwa. Ukuta wa Trento ukarudi. Askofu Mkuu wa Lyon, Denis de Marquemont, alishikilia kwamba masista wafungiwe ndani kama watawa wengine. François alikubali, na mwaka 1618 Visitasio likawa utawa kamili wa ndani. Twaona hapa mpaka wa nyenzo yetu. Urafiki wa askofu mmoja haukutosha kuipindua sheria ya Kanisa zima.

Lakini masista hawa waliishi bila ya kusahaulika. Mwaka 1616 François alitoa kitabu chake kikubwa juu ya upendo wa Mungu, na katika dibaji anaitaja jumuiya hiyo na mama yake kuwa miongoni mwa walioichochea kazi yenyewe. Msomi amekiri hadharani kwamba darasa lake lilikuwa ukumbi wa watawa. Alipofariki tarehe 28 Desemba 1622, shirika lilikuwa na nyumba 13. Jeanne alipofariki mwaka 1641, zilikuwa zimefika 87.

Nyumba hizo 74 zilizoongezeka zastahili kutafakariwa. Mjane huyu hakubaki akimlilia rafiki yake. Alishiriki kukusanya barua za François, zikachapishwa mwaka 1626. Mwaka 1627 alitoa ushahidi mrefu mbele ya tume iliyochunguza utakatifu wake. Sehemu kubwa ya tunachokijua juu ya maisha ya ndani ya François de Sales imepitia mikononi mwa Jeanne. Askofu aliyekuwa amemkopesha mamlaka sasa alipata sura yake mbele ya vizazi kwa kalamu ya mwanafunzi wake.

Na barua za Jeanne mwenyewe kwa François? Baada ya kifo chake alizikuta zimetunzwa, naye François amezitia maelezo yake pembeni. Akazichoma, karibu zote. Kwa hiyo twasikia mazungumzo kwa sikio moja. Mwanafunzi wa historia azingatie jambo hili kila aonapo rundo la barua za upande mmoja: kimya cha upande wa pili si ushahidi kwamba upande huo haukuwa na la kusema. Pengine ulisema mengi mno.

Urafiki huu ulivuka hata mipaka ya kanisa ukaingia ikulu. Tarehe 10 Julai 1643 Mfalme Felipe wa Nne wa Uhispania, akiwa njiani kwenda vitani, alipita katika mji mdogo wa Ágreda akamtembelea mtawa María wa Ágreda, mkuu wa nyumba yake. Waliandikiana kwa miaka 22, barua zaidi ya 600. Mfalme aliandika upande mmoja wa karatasi na kuacha pambizo wazi, ili María amjibu kwenye karatasi ile ile asibaki na siri ya dola mkononi. Mtawa ambaye hakutoka nje ya kuta zake alimshauri mtawala wa milki iliyoenea mabara kadhaa. Inkwizisheni ilimhoji mwaka 1650, na hakuhukumiwa. Nani angethubutu kwa wepesi kumgusa mwandani wa mfalme?

Lakini Waswahili pia husema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Anayeilewa methali hii atailewa hatima ya Jeanne Guyon.

Guyon alikuwa mjane Mfaransa aliyefundisha sala ya kimya, ya kujiachilia mikononi mwa Mungu. Kitabu chake kifupi juu ya sala hiyo kilitoka mwaka 1685, na mwaka 1688 alizuiliwa kwa miezi kadhaa katika nyumba ya watawa jijini Paris. Nyumba yenyewe ilikuwa ya Visitasio, shirika lile lile lililozaliwa na urafiki wa kiroho. Alipofunguliwa alikutana na padre François Fénelon, msomi ambaye nyota yake ilikuwa ikipanda. Mwaka 1689 Fénelon alifanywa mwalimu wa mjukuu wa Mfalme Louis wa Kumi na Nne, na mwaka 1695 akawa Askofu Mkuu wa Cambrai. Katika barua zao Guyon ndiye aliyekuwa mama wa kiroho, naye msomi ndiye mtoto. Mizani ilikuwa imegeuka kabisa, na wenye vyeo wakatishika.

Askofu Bossuet wa Meaux, mhubiri mashuhuri kuliko wote nchini Ufaransa, alianza kumchunguza. Mwaka 1695 Guyon alitiwa gerezani Vincennes, na baadaye Bastille, hadi 1703. Fénelon alimtetea kwa kitabu alichokichapisha mwaka 1697. Bossuet akajibu mwaka uliofuata kwa kutoa hadharani mambo ambayo wawili hao walikuwa wamemwamini nayo kwa siri. Machi 1699 Papa Innocent wa Kumi na Mbili alilaani kauli 23 za kitabu cha Fénelon. Fénelon alitii, akatangaza utiifu wake mwenyewe, akaendelea kuwa askofu mkuu ingawa mbali na ikulu. Guyon aliendelea kukaa gerezani.

Hebu tuwalinganishe. Gracián, rafiki wa Teresa, naye alianguka: alifukuzwa katika shirika mwaka 1592, miaka 10 baada ya Teresa kufariki. Mbona kuanguka kwake hakukumwangusha Teresa? Kwa sababu kufikia wakati huo Teresa alikuwa ameacha nyumba 17 za watawa, na maandishi yake yalikuwa yamekwisha chapishwa mwaka 1588 chini ya usimamizi wa Luis de León, msomi wa Salamanca. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1622, na mwaka 1970 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa heshima hiyo. Mwanamke aliyeambiwa asifundishe ameitwa mwalimu, japo baada ya karibu miaka 400. Jeanne de Chantal naye aliacha nyumba 87. Guyon aliwaacha marafiki, nao marafiki walikuwa na mfalme wa kumwogopa.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo fundisho kubwa la mambo haya. Urafiki waweza kumfungulia mlango mtu aliyenyimwa ufunguo, lakini haumpi nyumba. Aliyepita mlango na kujenga, akaandika, akafundisha wengine wa kuendeleza, huyo mamlaka yake yalisimama hata rafiki alipokufa au kuaibika. Aliyekaa kizingitini akimtegemea aliyeushika mlango alitupwa nje siku mlango ulipofungwa.

Mambo hayo hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Wasalesio, wenye vyuo vya ufundi nchini Kenya, wanachukua jina lao kutoka kwa François de Sales. Kijana anayejifunza useremala au umeme kwao hukutana na jina la askofu huyo, lakini ni nadra atajiwe mjane wa Dijon aliyelitunza jina hilo lisifutike. Mwalimu atakayelisimulia darasani hatakuwa ameongeza pambo kwenye somo. Atakuwa amewarudishia wanafunzi nusu ya historia iliyokuwa imepotea.

Aidha, sisi tuliokabidhiwa vijana tujiulize swali moja. Kila shule ina mwanafunzi mwenye la kusema asiye na cheo cha kulisemea. Akimpata mwalimu wa kumkopesha sikio na jina lake, atasikika. Je, mwalimu huyo atakuwa kama yule aliyemfunga Jeanne kwa nadhiri nne, asizungumze na mwingine wala asimwache? Ama atakuwa kama yule aliyezifungua, akamwongoza hadi akaweza kuendesha nyumba 87 bila ya kushikwa mkono? Wote wawili walijiita viongozi wa roho. Mmoja wao hata jina lake halikumbukwi na wengi.